Nani Anauza Maji Katika Mji wa Maharamia?

Kuna mji ambao umeuona mara mia hata kama hujawahi kuukanyaga. Unaanza na mchanga. Halafu bahari, ama kitu kinachofanya kazi ya bahari. Halafu baa yenye giza, mwanamume mwenye kovu usoni, ngamia nje, na mtu anauza kitu ambacho si chake. Katika Star Wars ya 1977 mji huo unaitwa Mos Eisley, na vyombo vyake vinang'oa nanga kwenda angani. Katika One Piece unaitwa Nanohana, bandari ya ufalme wa jangwani wa Alabasta. Kwenye gemu uliyocheza usiku kucha una jina lingine, lakini ramani ni ileile: bandari, jangwa, wezi.

Naupenda huu mji, sitaficha. Lakini mimi ni mtu wa Voi, mji mkavu ulio kwenye barabara ya kwenda bandarini, na mtu wa mji mkavu ana swali moja ambalo halimtoki kichwani akiona picha kama hizi. Hawa watu wanakunywa nini? Mchanga wote huo, walevi wote hao, ngamia wote hao, na hakuna hata jamaa mmoja anayesukuma mkokoteni wa mitungi? Nani anauza maji hapa? Mtungi ni pesa ngapi? Na siku mfereji ukikauka, nani anaumia kwanza?

Linaonekana swali la mzaha, lakini nimelitumia kama kipimo kwa muda sasa, na linafanya kazi vizuri kuliko vipimo vingi nilivyosoma. Mwandishi anayejua maji yanatoka wapi huwa anajua pia ni nani anaishi mjini bila kuwa haramia, na mali iliyoibwa inaelekea wapi. Asiyejua, mji wake ni pazia tu la kuning'inizwa nyuma ya mapigano.

Na hapa kwetu kipimo hiki si cha hadithi za kubuni peke yake, kwa sababu mji huo tunao jirani. Hobyo, katikati ya pwani ya Somalia, ni bandari ya jangwani kwelikweli. Karne ya 19 ilikuwa makao ya usultani wa Yusuf Ali Kenadid, na leo mchanga unaosogea unameza nyumba zake moja baada ya nyingine. Kaskazini zaidi kuna Eyl, katika jimbo la Nugaal: sehemu yake moja iko ufuoni, nyingine ndani bondeni, penye chemchemi na mitende. Karibu na mwaka 2008 majina haya mawili, pamoja na Harardhere, yalikuwa kwenye taarifa ya habari karibu kila jioni. Ripoti ya Benki ya Dunia na wenzake iliyotoka 2013 ilikadiria kuwa kati ya 2005 na 2012 maharamia wa Pembe ya Afrika walikusanya kikombozi cha kati ya dola milioni 339 na milioni 413. Pesa kama hizo lazima zivutie kamera, na kamera zikaja.

Nataka tuangalie zilichoona. Nimechagua filamu tatu na riwaya moja, halafu nitarudi kwa katuni, kwa sababu katuni ndiyo iliyonishtua.

Ya kwanza unaijua. Captain Phillips, 2013, ya Paul Greengrass, Tom Hanks akiwa nahodha wa meli ya Maersk Alabama iliyovamiwa Aprili 2009. Hata kama hujaitazama, unaijua ile sentensi ya Barkhad Abdi anapomwambia nahodha wa Marekani kwamba unahodha umebadilisha mikono. Imekuwa kichekesho cha mtandaoni, ipo kwenye stika za WhatsApp, mtoto wa darasa la sita anaitumia akinyakua rimoti ya TV. Abdi alipata tuzo ya BAFTA kwa kazi hiyo, na alistahili. Alizaliwa Mogadishu, akalelewa Yemen, akafika Minneapolis, na kwenye filamu hiyo uso wake unafanya kazi ambayo hati yenyewe imekataa kuifanya: unatuonyesha mtu mwenye njaa, mwenye akili, mwenye hofu.

Lakini angalia mji. Filamu inaanza na Phillips na mke wake wakiendesha gari kwenda uwanja wa ndege, wakiongea juu ya watoto na ajira, ulimwengu unavyobadilika. Halafu tunapelekwa Eyl. Magari ya mkubwa yanafika yakiwa na bunduki, vijana wanasukumana ufuoni wachaguliwe kwenda baharini, na muda si muda tumeshaingia kwenye mashua. Ndiyo hiyo Eyl yote. Phillips amepewa ndoa, watoto na wasiwasi wa ajira. Muse amepewa mchanga na miraa. Baadaye Muse anagusia kidogo meli za kigeni zilizomaliza samaki, na filamu inapita hapo kama matatu inayopita abiria mwenye mizigo mingi.

Hakuna mtu atakayekuambia kwamba huo mji una ngome ya Sayyid Muhammad Abdille Hassan, kiongozi wa Madervishi ambaye Wasomali wanamkumbuka kwa mashairi yake sawa na kwa vita vyake. Hakuna atakayekuambia kwamba mwaka 1904 jeshi la majini la Uingereza lilitua na kushambulia Illig, pwani hiyohiyo. Sisemi Greengrass alipaswa kutupa somo la historia. Nasema alikuwa na mji ambao wageni wenye mizinga wameufikia kwa meli tangu enzi za babu wa babu zetu, mji wenye chemchemi na mshairi, akautumia kama stendi ya mashua.

Filamu ya pili ni ya Kidenmarki, Kapringen, ya Tobias Lindholm, 2012. Hii ni bora, na ubora wake unatokana na unyamavu. Uvamizi wenyewe hatuuoni. Tunakaa sehemu mbili tu: ndani ya meli, na mpishi Mikkel anayeoza polepole kwa hofu, na ndani ya ofisi kule Copenhagen, na mkurugenzi aliyevaa shati safi akishusha na kupandisha bei ya watu wake kama anayebishania fungu la nyanya. Lindholm alipiga filamu ndani ya MV Rozen, meli ya kweli ambayo iliwahi kutekwa 2007 ikiwa imekodiwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Unaamini kila kitu. Kutu ni kutu, jasho ni jasho.

Na kuna Omar. Omar ndiye anayeongea na kampuni kwa simu, na anachukia kuitwa haramia. Yeye ni mtafsiri tu, anasema, mtu wa kazi. Huyo ndiye mhusika wa maana kuliko wote katika filamu zote hizi, kwa sababu kwa mara ya kwanza tunaona kwamba uharamia una ofisi pande zote mbili. Lakini hata Lindholm hashuki. Nchi kavu inabaki mstari upeoni. Na hapo swali langu linarudi. Kwenye meli zilizotekwa miaka ile, mbuzi walipandishwa kutoka ufuoni, miraa ililetwa, maji yaliletwa. Ile ripoti ya 2013 inaeleza jinsi miraa ilivyokopeshwa maharamia kwa bei ya juu, deni likaandikwa, likakatwa siku ya malipo. Kwa hivyo kulikuwa na mtu mwenye daftari. Kulikuwa na mama aliyepika, mzee aliyeuza mbuzi, kijana aliyechota maji. Na miraa yenyewe, tuwe wakweli, hailimwi mchangani. Sehemu kubwa ya ile inayofika kusini na katikati ya Somalia hutoka kwetu Meru, inapaa na ndege kutoka Nairobi. Daftari la mji wa maharamia lina ukurasa wa Kenya.

Ya tatu ni Fishing Without Nets, ya Cutter Hodierne. Ilianza kama filamu fupi iliyoshinda Sundance 2012, ikarudi ikiwa ndefu 2014. Ilipigwa pwani ya Kenya, wengi wa waigizaji wakiwa Wasomali ambao hawakuwa na uzoefu wa kuigiza, na wanaongea zaidi Kisomali. Mvuvi anayeitwa Abdi ana mke na mtoto, nyavu hazitoi kitu, na anaingia kwenye genge ili apate pesa ya kuwahamisha familia yake. Hatimaye tuko nchi kavu! Kuna nyumba, kuna kitanda, kuna mtu anayeulizwa umekula. Nusu saa ya kwanza ni filamu niliyokuwa naitafuta.

Halafu meli inatekwa na filamu inaisahau nyumba. Tunarudi kwenye bunduki, kelele, nani atamsaliti nani. Hodierne alifungua mlango, akachungulia, akaufunga. Lakini ukipanga hizi tatu, hii ndiyo ya juu, kwa sababu angalau inajua kwamba haramia alitoka mahali na kwamba mahali hapo palikuwa na mtu asiyetaka aende.

Kuhusu vitabu nitataja kimoja, Crossbones cha Nuruddin Farah, 2011. Farah ana kasoro zake. Wahusika wake huongea kama wako kwenye jopo la wataalamu, na kuna kurasa ambazo nilihisi nasoma gazeti lililopewa majina ya watu. Lakini anafanya kitu ambacho kamera zote zilikataa kufanya: anafuata pesa. Mhusika wake Ahl anaenda Bosaso kumtafuta kijana wa mke wake, na kila anayekutana naye ana jibu tofauti kuhusu nani hasa anafaidika. Polepole unaona kwamba kijana wa mashua anabaki na vumbi, na kwamba donge kubwa linaishia kwa watu waliovaa suti katika miji yenye mifereji ya dhahabu. Farah anajua swali la maji hata kama haliulizi kwa maneno hayo.

Sasa katuni.

Nilirudia sehemu ya Alabasta katika One Piece mwaka jana, wakati wa wiki mbili ambazo mtaani kwetu mfereji ulikuwa unatoa hewa tu. Nilitaka kucheka. Badala yake nilikaa chini nikaanza kuandika vidokezo. Kwa sababu Eiichiro Oda, Mjapani anayechora mvulana wa mpira mwenye kofia ya majani, ameuliza swali langu na kulijengea hadithi nzima.

Alabasta ina ukame. Kwa miaka mvua inanyesha mji mkuu peke yake, na kwingine kote watu wanakauka. Halafu siku moja pale Nanohana, bandarini, shehena ya unga fulani inamwagika. Ni unga wa kuita mvua, na siri yake ni kwamba hautengenezi maji: unanyang'anya mawingu ya jirani. Wananchi wanaamini mfalme ndiye mwizi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vinaanza. Kumbe aliyepanga yote ni Crocodile, haramia mkubwa, na hapa ndipo Oda ananimaliza, kwa sababu Crocodile ni haramia mwenye leseni. Serikali ya Dunia imempa cheo, inamtambua, na wananchi wa Alabasta wanamshangilia kama shujaa anayewalinda dhidi ya maharamia wadogo.

Na kuna mji wa Yuba, na mzee Toto. Kila mtu amehama. Toto amebaki, amekonda hadi mifupa, na kila usiku anachimba mchanga akitafuta maji, dhoruba inafukia, anachimba tena. Luffy anapoondoka mzee anampa kichupa kidogo cha maji aliyoyapata kwa kuchimba usiku kucha. Ni maji machache, hata hayatoshi kunawa uso. Lakini kutoka hapo hadithi nzima inapimwa kwa hicho kichupa. Unajua maji yametoka wapi, yamegharimu nini, na nani aliyafanya yawe adimu. Oda amempa mchimba maji heshima ambayo filamu tatu zilizojiita za uhalisia hazikumpa mtu yeyote wa Eyl au Hobyo.

Hebu tulia na hilo. Mji wa kubuni umepewa maji. Mji wa kweli, wenye chemchemi za kweli, umeachwa na kiu.

Najua jibu litakalokuja. Hizi ni filamu za kusisimua, saa mbili tu, huwezi kuweka kila kitu. Kweli. Na kuna jibu zito zaidi: waliotekwa waliteseka. Mabaharia wa Naham 3, meli ya uvuvi, walitekwa 2012 na wakaachiliwa Oktoba 2016, baada ya zaidi ya miaka minne, na wenzao wengine walikuwa wamekufa. Hao walikuwa Waasia maskini waliofuata mshahara, na hakuna Tom Hanks aliyewaigiza. Mtu akiniambia kwamba kuonyesha mji ni kumpamba haramia, nitamwelewa. Lakini kuonyesha nyumba ya mwizi hakumwondolei hatia. Kunaondoa kitu kingine: ule urahisi wa kudhani kwamba kila anayetoka mtaa ule ni mwizi.

Urahisi huo unatugharimu hapa nyumbani. Unakumbuka ile stori iliyozunguka Kenya nzima miaka ile, kwamba kila ghorofa inayopanda Eastleigh ni pesa ya maharamia? Watu waliokuwa wamefanya biashara ya nguo na simu kwa miaka mingi wakageuka maharamia usiku mmoja. Mimi nimekuwa ndani ya basi la usiku kutoka Mombasa, limesimamishwa kwenye kizuizi kabla ya Voi, tochi ikapita nyuso zote na kutua kwa kijana mmoja Msomali. Kitambulisho. Akatoa. Kikageuzwa huku na huku, akaulizwa anaenda wapi, akaulizwa tena. Mtu wa viti vya nyuma akatupa ile sentensi ya Barkhad Abdi, kwa Kiingereza, kwa lafudhi. Basi zima likaangua kicheko. Kijana alikuwa ameshika begi la shule mapajani, na alichofanya ni kuangalia dirishani, kwenye giza, ambako hakukuwa na cha kuangalia. Filamu ilikuwa imemaliza kazi yake. Ilikuwa imetupa sauti ya kumfanyia mzaha, na haikuwa imetupa hata mtaa mmoja wa kumfikiria akitokea.

Halafu kuna suala la mzigo, na hapa Voi inaingia yenyewe bila kuvutwa.

Septemba 2008 maharamia waliteka MV Faina, meli ya Ukraine, wakaitia nanga karibu na Hobyo. Walipofungua waliona vifaru 33 aina ya T-72 na silaha nyingine. Meli ilikuwa inakuja Mombasa. Serikali yetu ikasema vifaru ni vya jeshi la Kenya. Andrew Mwangura, msemaji wa mabaharia pale Mombasa, akasema hapana, ni vya Sudan Kusini, na kwa kusema hivyo akakamatwa. Februari 2009 kikombozi kikalipwa, kinachotajwa sana ni dola milioni 3.2, meli ikafika Kilindini. Mwaka 2010 nyaya za ubalozi wa Marekani zilizovuja zikaonyesha kwamba Mwangura alikuwa sahihi na kwamba wakubwa walijua.

Sasa, iwe kwa reli ama kwa barabara, mzigo wa kutoka Mombasa kwenda Nairobi haukwepi Voi. Unavuka jangwa la Taru, unapita mashamba ya mkonge, unapita hapa. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Jina lenyewe la mji, inasemekana, linatokana na Kivoi, mfanyabiashara Mkamba wa karne ya 19 aliyeongoza misafara ya pembe za ndovu kwenda pwani. Misafara ilipumzika Taveta penye msitu na maji kabla ya kuendelea bara. Leo ni kontena za SGR, na malori yanayokata kona kuelekea Holili. Sisi ni mji wa bandari usio na bahari. Tukiangalia barabara tunaona kila kitu kinachoingia nchini, kasoro kilichomo ndani ya makontena.

Kwa hivyo nauliza, filamu ya Faina ingekuwa na maharamia wangapi? Wale vijana wa Hobyo, sawa, hao hawana ubishi. Lakini walioandika karatasi za uongo za vifaru? Walionunua? Waliomfunga aliyesema ukweli? Vijana kumi wa Kisomali waliokamatwa na jeshi la majini la Marekani 2006 walihukumiwa Mombasa miaka saba kila mmoja. Baadaye mahakama maalumu ikajengwa pale Shimo la Tewa, 2010, kwa ajili ya kesi za uharamia. Hakuna aliyejengewa mahakama kwa sababu ya karatasi za Faina. Crocodile ana leseni.

Wala si jambo jipya pwani hii. Vasco da Gama, Aprili 1498, akitoka Mombasa kuelekea Malindi, aliteka chombo njiani, akachukua dhahabu, fedha na watu waliokuwemo. Nguzo yake iko Malindi, tunapiga nayo picha za likizo. Neno haramia limetoka kwenye haramu, lakini anayeamua kipi ni haramu huwa ana meli kubwa zaidi.

Na maji, ambayo ndiyo yalinileta hapa. Mzima Springs ziko ndani ya Tsavo Magharibi, kaunti hii yetu ya Taita Taveta. Tangu miaka ya 1950 maji yake yanateremka kwa bomba hadi Mombasa, mji wa bandari, huku kwenye mitaa ya Voi wiki ikiwa mbaya unanunua mtungi kutoka kwa mkokoteni na unashukuru umepata. Siwaiti watu wa Mombasa maharamia. Wana kiu kama sisi, na mifereji yao pia hukauka. Nasema tu kwamba mtoto wa Voi akitazama Alabasta, mvua ikinyesha mji mkuu na kwingine kukiwa kukavu, hahitaji kuelezwa.

Ndiyo maana sitaki kuona kizazi chetu kikiandika ule mji wa zamani tena. Na tunaandika, naona. Kila wiki kuna mtu mtandaoni anaanza hadithi ya ndoto na mazimwi, na Khadija Abdalla Bajaber alishatuonyesha na The House of Rust, 2021, kwamba binti wa Mombasa anaweza kupanda mashua ya mifupa akamtafute baba yake baharini, paka akiwa msemaji, na mji ukabaki mji: wenye bibi mkali, wenye majirani, wenye harufu ya samaki. Mlango uko wazi. Lakini nasoma hizi hadithi zetu mpya na bado naona bandari ya jangwani iliyonakiliwa kutoka kwa gemu iliyonakiliwa kutoka kwa filamu iliyopigwa na mtu ambaye hakushuka kwenye meli. Mchanga, baa, kovu.

Ushauri wangu ni mdogo. Kabla hujamwandika haramia wako, mwandike anayemuuzia maji. Mpe mkokoteni, mpe mitungi 20, mpe gurudumu moja linaloyumba. Amua anachota wapi, na anamlipa nani ili aruhusiwe kuchota. Amua bei inapanda lini. Mpe mteja anayemdai, na daftari. Ukishafanya hivyo utagundua kwamba tayari unajua nani anatawala huo mji, nani ameuibia, na nani ana leseni. Halafu mlete haramia. Atakuwa amechelewa kidogo, atakuwa na kiu, na itabidi apange foleni kama wengine.